YAH: MBEGU MFU ZA MTAPO NA MAELEKEZO YANAYOZIUA

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Mbegu na Miche ya Mapambo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Sisi wenye vitalu vya miche hapa Mikindani, Mtwara, tunalalamikia mzigo wa mbegu 100 za mtapo (Encephalartos hildebrandtii), mmea wa mapambo unaofanana na mnazi mfupi, mliotuuzia. Zimefika zimekauka kau, ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, pamoja na karatasi inayoagiza zianikwe juani siku saba, ziwekwe kwenye friji, kisha zitaota wiki tatu baada ya kupandwa. Kuanika hivyo kunafaa mahindi. Mtapo unakufa.

Mbegu hii haivumilii ukavu. Inapodondoka kutoka kwenye koni (kishada kigumu kinachobeba mbegu), kiinitete chake, yaani mmea mdogo ulio ndani ya mbegu, bado ni kichanga. Hukua ndani ya ganda kwa takriban miezi sita zaidi, na bila unyevu hakikui. Ikianikwa, kiini (nyama ya ndani inayokilisha kiinitete) husinyaa na kuachana na ganda, ndiyo maana zenu zinagonga zikitikiswa. Tulizozipasua kwa msumeno zilikuwa na kiini cha kahawia, kigumu, chenye ufa katikati, badala ya cheupe kilichojaa ganda lote.

Chache zilikuwa nzito na nyeupe, ila hazina kiinitete kabisa, na hizi ndizo zinazotusumbua zaidi. Mitapo ina dume na jike. Jike lisipochavushwa bado laweza kuzaa mbegu za ukubwa wa kawaida, zenye kiini kizima, ambazo hazitaota kamwe. Kwa hiyo kipimo cha maji, yaani kuzitia mbegu majini, hakitoshi: inayoelea kwa kawaida ni mbovu, lakini inayozama nayo si lazima iwe hai. Mbegu za jike lililo peke yake bustanini, bila fukusi wa kubeba chavua wala mtu wa kuchavusha kwa mkono, hazifai kuuzwa.

Karatasi yenu ifutwe, iandikwe hivi. Vaa glavu, maana mbegu zina sumu. Loweka, menya nyama yote ya nje, kwani inazuia kuota na kukaribisha ukungu. Hifadhi kivulini kwenye vumbi la makumbi ya nazi lenye unyevu kidogo (ukilikamua lisitoe maji), ndani ya mfuko wenye matundu. Baada ya miezi sita pasua chache uone kiinitete. Laza mbegu kiubavu, nusu yake ifukiwe kwenye mchanga wa mto wenye chembe kubwa, joto likiwa nyuzi 25 hadi 30. Mzizi hutangulia na kwenda chini sana, hivyo chombo kiwe kirefu. Jani laweza kuchelewa miezi. Aliyeahidiwa wiki tatu atafukua kuchungulia, auvunje mzizi, nao utaoza.

Jenasi nzima ya Encephalartos, yaani mtapo na ndugu zake wote, imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kinachoorodhesha vile vinavyolindwa zaidi. Miche ya vitaluni ikikosekana, wapo watakaokwenda kung'oa mitapo mikubwa porini, na hilo hatulitaki hata kidogo.

Tunadai mturudishie fedha zote na msitishe kuuza mzigo huo. Kuanzia sasa kila pakiti ionyeshe tarehe ya kuvuna, mahali ulipo mti mama na namna ulivyochavushwa. Mbegu zilizobaki tumezitunza. Mtumeni mtaalamu wenu azipasue mbele yetu ndani ya siku 14.

Wenu,
Wenye vitalu, Mikindani