Waulizeni waandishi walichokifuta

Mhariri,

Kurasa zako za mahojiano na waandishi nazisoma kila zinapotoka, na mara nyingi nazikata nikawabandikia wanafunzi ukutani. Lakini nina neno. Maswali yamekuwa yale yale: ulianza kuandika lini, nani alikuvutia, una ushauri gani kwa chipukizi. Majibu nayo yameshazoea njia: kipaji tangu shule ya msingi, nyanya aliyesimulia ngano jioni, na vijana wasome sana wasikate tamaa. Si uongo. Ila msomaji akikunja gazeti bado hajui kama riwaya ile iliandikwa mara moja au mara tano, nani aliisoma kabla ya mchapishaji, na ni sura gani iliyotupwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, na hasara ya ukimya huo naiona kwenye madaftari. Mwanafunzi akiandika aya ya kwanza ya insha isimpendeze, huchana ukurasa, akaanza upya, akachana tena. Kipindi kikiisha ana sentensi tatu safi na daftari limekonda. Anaamini kwamba mwandishi wa kweli hakosei, kwamba maneno humshukia yakiwa yamekwisha kunyooka. Nitamtoaje kwenye imani hiyo ikiwa waandishi wenyewe hatuwaombi hata siku moja watuonyeshe rasimu yenye mikwaruzo?

Si kwamba wao ni wachoyo. Mshairi Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya diwani yake Sauti ya Dhiki akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972, alikofungwa kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi? Aliandika kwenye karatasi za chooni, zikatolewa nje kwa siri. Kisa hicho tunakijua na tunakirudia, lakini tukifika kwenye ushujaa tunaweka nukta. Mimi hapo ndipo hamu yangu inapoanza. Karatasi ile ni laini, kalamu ikikazwa kidogo inachanika, na kila kipande ni cha kubania. Mizani 16 za mshororo zinahesabiwa vipi bila nafasi ya kukosea? Ubeti ulikuwa umekwisha kukamilika kichwani, vina vikiushikilia usipotee, kabla kalamu haijagusa karatasi? Kama ndivyo, basi vina na mizani tunavyowafundisha watoto kama adhabu vilikuwa chombo cha kuhifadhia kazi pale ambapo daftari halipo. Darasa langu lingekaa macho kwa maelezo kama hayo.

Marehemu Euphrase Kezilahabi, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Tanzania, hakungoja hata kuulizwa. Alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 alijieleza mwenyewe: alitaka lugha ambayo watu wanaizungumza kila siku iingie katika ushairi, hata kama vina vitakosekana. Wanamapokeo, yaani washairi wanaoshikilia vina na mizani, wakaja juu. Mimi moyo wangu uko upande wa wanamapokeo, nikiri, lakini ugomvi ule ulikuwa wa mafundi. Watu walibishana mshororo ukatwe wapi na kwa nini. Na jambo lenyewe la mtunzi kuionyesha kazi yake ya kuandika halikuletwa na wageni: mwaka 1858 mshairi Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwita bintiye asogee na wino na karatasi, na mwito huo akautia ndani ya utendi wenyewe.

Tazama pia yaliyotokea Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar anayeishi Uingereza, aliposhinda Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Huku kwetu tulikesha tukibishana kama ni wetu au si wetu. Desemba ya mwaka ule ule alipotoa hotuba yake, aliizungumzia kazi ya kuandika: furaha ya kipindi cha kuandika hadithi shuleni Zanzibar, kisha Uingereza, ambako kuandika hakukuwa tena mchezo, na akaona historia inarahisishwa na wenye nguvu na yeye hawezi kuiachia. Hotuba hiyo ingefaa mjadala mzima. Sisi tulikuwa tumeshachoka na suala la pasipoti.

Kuna swali jingine ambalo naona tunaliogopa, nalo ni la soko. Hapa Kenya riwaya ikiteuliwa kutahiniwa kidato cha nne, inanunuliwa nchi nzima. Isipoteuliwa, huenda hata duka la vitabu la mjini kwako lisiiweke. Mwandishi anayelijua hilo anaandika mapenzi kwa namna gani? Makanga wake anatukana kama makanga, au anazungumza kama mwalimu wa zamu? Mhariri wa kampuni alimwambia apunguze nini ili kitabu kipite? Mhusika anayekufa mwishoni alistahili kufa, au alikufa kwa sababu mtahini anapenda maadili? Haya ni mambo ya ubunifu sawasawa na mambo ya ilhamu, na sidhani mwandishi mwenye kazi yake atakasirika akiulizwa kwa heshima. Wengi wao ni walimu kama mimi, wanaandika baada ya kusahihisha, na hilo nalo lingefaa kujulikana: saa ngapi, meza gani, watoto wakiwa wapi.

Ombi langu ni dogo. Katika mahojiano yajayo mwombeni mwandishi ukurasa mmoja wa rasimu, ule wenye mishale pembeni na maneno yaliyokatwa, muuchapishe kando ya ukurasa uliotoka kitabuni. Kama anaandika kwa simu, wanavyofanya vijana wengi, atueleze matoleo ya mwanzo anayaweka wapi au kama anayafuta yote. Nafasi ikibana, punguzeni ile picha yake akiwa ameshika tama mbele ya rafu ya vitabu.

Mwalimu wa Kiswahili,
Kilifi