Wanangu wa kikundi cha hisa, anzieni kurasa za nyuma

Wanangu, hamjambo. Nimesikia kikundi chenu hapo Majengo mmeshachanga hela na mnataka kuingia soko la hisa, nimefurahi sana kwa kweli, ila juzi mmoja wenu alinionyesha matokeo ya kampuni kwenye simu, ananiambia mzee hii imepata faida tununue, nikamuuliza maelezo ya nyuma, yale yanayofafanua namba za hesabu, umesoma, akasema marefu mno. Hapo ndo nikaona niwaandikie wote.

Nimefanya uhasibu hapa Moshi miaka mingi na bado nilipoteza hela kwa sababu ya mstari mmoja. Kulikuwa na chama cha akiba na mikopo, sikitaji, hesabu zake zilikuwa na mstari umeandikwa "wadaiwa wengineo", namba kubwa kuliko mishahara ya wafanyakazi wote, na hakuna maelezo hata sentensi moja. Niliuona nikapita. Kumbe hao wadaiwa wengineo ni viongozi wenyewe, wamejikopesha.

Sasa makampuni ya soko la Dar yana sheria, soko linauza hisa tangu 1998, viwango vya kimataifa vya hesabu tunavifuata tangu 2004, kwa hiyo kuna kiwango cha chini ambacho kila kampuni lazima itoe. Tofauti zinaanzia juu ya hapo, mmoja anawaeleza mpaka mnaelewa, mwingine anatoa kile alicholazimishwa tu, na mimi nataka mjiulize kwanini.

Angalieni kwanza nani kashika hisa. Zikiwa zimesambaa kwa maelfu ya watu kampuni inajieleza sana manake wenye mali hawamo ofisini, lakini mmoja akiwa na asilimia sabini yeye habari anazipata kwenye bodi, hasubiri kitabu cha ripoti ya mwaka, nyie wadogo ndo mnabaki na kitabu peke yake. Sisemi anaiba, tuelewane hapo. Halafu kuna ukubwa, kampuni kubwa ina wahasibu wa kutosha, ripoti ndefu haiiumizi, ndogo inaiumiza. Yenye madeni mengi wanaoikopesha wanaibana iseme. Mkaguzi mwenye jina naye hataki kuchafuka. Mabenki kama NMB na CRDB yanatoa hesabu kila robo mwaka magazetini sababu Benki Kuu inataka hivyo, na KCB ya Kenya iko soko la Nairobi na la Dar pia, kwa hiyo inajibu kwa msimamizi zaidi ya mmoja.

Kampuni ikificha gharama za bidhaa zake naielewa, mshindani naye anasoma. Ila mwaka wa faida mwenyekiti anaandika kurasa sita na picha, mwaka wa hasara nusu ukurasa, hiyo siikubali na nyie msiikubali, hela ni zenu na za mama zenu wanaouza ndizi Mbuyuni.

Jumamosi saa kumi njooni kwangu na ripoti za miaka mitatu za kampuni hiyohiyo, mziprinti, kwenye simu hatutaona kitu. Tutaanza na ukurasa wa miamala ya wakurugenzi na ndugu zao, kila mtu na penseli yake, na maelezo yaliyokuwepo mwaka juzi yakatoweka mwaka jana tunayazungushia duara.