Wapwa zangu mnaotaka kuhesabu urithi

Newala, Mtwara

Wapwa zangu,

Hodi huko mliko. Nawaita wapwa kwa sababu huku kwetu, kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, mtoto hufuata ukoo wa mama, na neno zito la maisha husemwa na mjomba. Tangu mwezi uliopita wamenijia vijana wanne, mmoja baada ya mwingine, wote na swali lilelile. Wamefaulu hesabu, wanapenda baiolojia, wamesikia kuna kazi inayokutanisha viwili hivyo, takwimu za jenetiki, yaani kuhesabu kile ambacho mmea, mnyama au mtu hurithi kwa wazazi wake, lakini nyumbani wanaambiwa hesabu ni uhasibu, baiolojia ni udaktari, mengine ni kupoteza ada. Binti mmoja aliulizwa na baba yake, "Sasa wewe utakuwa unahesabu damu?" Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, na wenzenu wa Lindi, Nachingwea na Liwale ambao hawajafika barazani kwangu.

Kazi ipo. Nimeifanya miaka zaidi ya 30, mimi kwa mikorosho, wenzangu kwa mihogo, kwa ng'ombe na kwa binadamu. Mtakwimu wa jenetiki huulizwa swali moja kila siku: hiki tunachokiona, mti kuzaa sana au mtoto kuugua, kimetoka kwenye mbegu, au kimetoka kwenye udongo, mvua na mkono wa mtunzaji? Jicho halijui. Mfugaji hajui, na daktari naye hajui, mpaka mtu akae apange namna ya kuhesabu.

Sikilizeni nilivyojifunza, maana nilijifunza kwa hasara.

Nilipoanza kazi, korosho ilikuwa hoi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. Ilipofika 1986/87 tulikuwa tumeshuka hadi tani 16,500 hivi. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, bei haikuwa na maana, halafu ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokaa juu ya maua kama yamemwagiwa unga wa muhogo, na baada ya siku chache maua yamekauka. Salfa ilisaidia sana, lakini salfa hununuliwa kila mwaka. Ndiyo maana watafiti, pale kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, hasa, walitafuta miti inayostahimili yenyewe, wakate vikonyo vyake na kuvibebesha, yaani kuviunganisha, kwenye miche, mkulima apande kitu ambacho mzazi wake anajulikana.

Mimi nilikuwa kwenye kituo ambacho sitakitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na si lake. Tulikuwa na aina sita za kubebeshwa za kulinganisha. Nikakabidhiwa kuchora ramani ya shamba. Nikaipa kila aina mstari wake, ili wageni wakija waoneshwe bila kubabaika: hii ya kwanza, hii ya pili, mpaka ya sita. Ilipendeza kwenye karatasi. Mikorosho hupandwa mita 12 kwa 12, kwa hiyo shamba lilikuwa kubwa, linateremka taratibu, na mstari wa sita ukaangukia chini kabisa, karibu na bonde.

Tulisubiri miaka mitano. Aina ya sita ikawaacha wenzake mbali. Ripoti ikaandikwa, watu wakapeana mikono. Siku moja ya mavuno, mzee mmoja kibarua aliyekuwa akiokota korosho akasimama pale mwisho wa shamba, akafunga kiroba chake kwa kamba ya mkonge, akaniambia kwa upole, "Bwana Takwimu, hapa hata ungepanda mbaazi zingezaa. Chini kuna maji." Akachimba kidogo kwa kisigino. Udongo ulikuwa mweusi na wa baridi, na ilikuwa Oktoba.

Sikulala. Je, ilikuwa aina ya sita, au lilikuwa bonde? Nilirudia hesabu kwa kila njia niliyofundishwa, na hakuna iliyojibu, kwa sababu nilikuwa nimevipanda vitu viwili pamoja na hakuna hesabu ya kuvitenganisha baadaye. Miaka mitano ya vibarua, salfa, mbolea na mafuta ya trekta ikawa haitusemeshi lolote. Na dawa ya kosa lile niliijua, nilikuwa nimeijibu kwenye mtihani wa chuo nikapata alama nzuri. Ronald Fisher, Mwingereza aliyefanya kazi kituo cha kilimo cha Rothamsted kuanzia 1919 hadi 1933, ndiye aliyeifundisha dunia: gawa shamba vipande vinavyofanana, ndani ya kila kipande weka aina zote, na nani akae wapi aamue kura. Kura haina upendeleo wala haijui bonde liko upande gani. Nilifikiri mambo hayo ni ya vitabuni, na shambani ni kupanga mistari inayopendeza.

Nawaomba muibebe hii kuliko kanuni yoyote mtakayofundishwa: jueni namba imetoka wapi kabla hamjaigusa. Kompyuta itaikokotoa namba yenye mzizi na namba isiyo na mzizi kwa utii uleule.

Kuna jambo dogo la daftari ambalo lilinigharimu kama lile la bonde. Mti namba 47 uliandikwa sifuri misimu miwili mfululizo. Mtafiti wetu wa mbegu bora alipoona sifuri mbili, akauweka kwenye orodha ya kukatwa. Baadaye nikaja kujua kwamba mti ule ulikuwa jirani na njia ya watoto wa shule. Ulikuwa unaangusha korosho mapema kuliko wenzake, watoto wanaokota, sisi tunafika na mizani tunakuta majani. Mti usiozaa na mti ulioibiwa wote wameandikiwa sifuri! Tangu siku hiyo niliwazuia wasaidizi wangu kuandika sifuri bila kutazama juu kwenye matawi na chini kwenye mabibo. Palipo na shaka, weka nukta, na pembeni andika sababu kwa maneno ya kawaida: "watoto", "moto", "sikufika, mvua". Maneno hayo ya pembeni ndiyo yatakayokuokoa miaka kumi mbele.

Na mkikuta hesabu safi mno, ogopeni vilevile. Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere, alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu kabisa na tatu kwa moja, kama kanuni yake ya urithi inavyotaka. Ni kazi kubwa, msingi wa fani yetu. Lakini mwaka 1936 Fisher alizipitia hesabu za Mendel zote pamoja, akaonesha zinakaribia mno zilizotarajiwa kuliko bahati inavyoruhusu. Wataalamu wamebishana tangu hapo kama kuna msaidizi aliyekuwa anajua bwana wake anataka nini. Nami nimewaona wasaidizi wa namna hiyo, na hawakuwa waongo. Walikuwa watu wema waliotaka kumfurahisha mkubwa.

Nachingwea wanaijua hasara ya kuruka hatua. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe wao ukakaa Tanganyika wiki tisa tu, na juu yake ukajengwa mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hakukuwa na shamba dogo la majaribio la miaka ya kutosha, wala kumbukumbu za mvua za kutegemewa. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa, tukabaki na bandari.

Sasa nije kwa binadamu, maana wengi wenu ndiko mnakoelekea.

Baba na mtoto hugawana nusu ya vinasaba, yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Mjomba na mpwa, kwa wastani, robo. Lakini vile vya mitokondria, vile vijumba vya nguvu ndani ya seli, mtoto huvipata kwa mama yake tu, kwa hiyo mimi na mtoto wa dada yangu tuliyetoka naye tumbo moja tumebeba vilevile, kutoka kwa bibi yake. Wazee waliopitisha ukoo kwa mama walikuwa na sababu zao nyingine, sitawasingizia sayansi. Hata hivyo nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kikao cha ndoa, kama mjomba. Mpwa wangu alikuwa na watoto watatu, wawili wana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Upande wa mume walisema damu mbaya imeingia na mwanamke, arudi kwao. Tena kuna mtu mwenye koti jeupe alikuwa amewaambia kwamba ugonjwa huu hushika mtoto mmoja kati ya wanne, na kwa kuwa wao wameshapata wawili, basi wakizaa tena watapata wazima.

Niliomba vibakuli viwili na punje za mahindi. Kila kibakuli nikatia punje mbili, nyeupe moja na ya njano moja. Nikasema, hiki baba, hiki mama. Nikamwomba mzee wa upande wa mume afumbe macho, achote moja huku na moja kule. Njano mbili ni mgonjwa. Njano moja ni mzima aliyebeba. Nyeupe mbili hana kabisa. Kisha azirudishe, achote tena. Walichota mara 20, wanawake jikoni wakaacha vyungu wakaja kuangalia, kijana mmoja akawa anaweka vijiti. Hakuna aliyehitaji hotuba yangu. Waliona kwamba njano mbili haziji ila vibakuli vyote viwili vimetoa, na kwamba vibakuli havina kumbukumbu: mara ya tano ni sawa na ya kwanza, robo ileile. Mzee alikaa na punje mkononi muda mrefu. Mpwa wangu hakurudishwa kwao, na yeye na mumewe wote wawili walikwenda kupima.

Ndipo nikawasimulia habari ya mwaka 1954, jinsi Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alivyoonesha kwa takwimu za watu wa Afrika Mashariki kwamba aliyebeba punje moja ya njano huhimili malaria kuliko wengine. Punje ile, ambayo wataalamu huiita jeni, imedumu kwetu kwa sababu iliwahi kutuokoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona yule mume anainua uso.

Mtakutana na makubwa zaidi ya vibakuli. Vinasaba vya mtu mmoja ni herufi bilioni 3 hivi. Mtafiti akipekua sehemu milioni 1 kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5, yaani kinachokubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa kila 100, hata kama hakuna chochote, sehemu 50,000 zitamwambia "nipo hapa". Ndiyo maana wenye fani wamekubaliana kipimo kikali, 0.00000005. Na damu nyingi zilizopekuliwa hadi leo ni za watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiko vinasaba vinakotofautiana zaidi kuliko kokote. Makadirio ya hatari ya ugonjwa yaliyopikwa kule hulegea yakiletwa hapa. Hiyo kazi inawasubiri ninyi. Mkienda vijijini kuomba damu, nendeni na kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, lakini kibali hakitoshi: rudini kuwaambia watu mlichokiona ndani ya damu yao. Wengi walioichukua hawakurudi.

Nimemtaja Fisher kwa heshima, na lazima niwaambie la pili. Aliamini kwamba binadamu nao wachaguliwe nani azae zaidi na nani azae kidogo, kama mifugo. Mwaka 1933 alishika hata kiti cha uprofesa cha fikra hiyo chuoni London. Uzeeni alikataa kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu, wakati ushahidi ulikuwa umejaa meza. Akili ile yote haikumlinda. Mtakapokuwa mnapima watu, kumbukeni yule mwanamke aliyekuwa karibu kurudishwa kwao.

Kuhusu shule, kwa kifupi. Kwa miaka mingi tahasusi zetu zimewatenganisha: wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) anaiacha baiolojia, wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) anabaki na hesabu za msingi tu. Atakayetaka njia hii atalazimika kujaziliza upande uliopungua kwa jasho lake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika ni milango mizuri. Programu ya R, ya kukokotolea takwimu, ni ya bure, anzeni hata kwa kompyuta ya kuazima. Ajira nyingi ni za miradi, na mradi huisha. Wekeni akiba mapema.

Mti namba 47 ulikatwa. Lakini kabla haujakatwa nilichukua vikonyo, nikabebesha miche minane. Nyuma ya nyumba yangu imo yote minane, imechanganyika na minane ya aina nyingine, na nafasi ya kila mmoja niliiamua kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia. Ramani na madaftari yangu yote yapo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Macho yangu hayaoni tena korosho kwenye majani makavu. Njooni Septemba, kabla hazijaanza kudondoka, na aje mmoja atakayekubali kukaa mpaka Desemba na kuamka kabla ya watoto wa shule.

Mjomba wenu