Kuondoa mashine si sawa na kuua

Mhariri,

Wasomaji wanaojadili suala la wagonjwa mahututi katika ukurasa huu wamegawanyika pande mbili, na kwa maoni yetu wote wamejikwaa palepale. Wa kwanza wanasema Mkristo anayekubali mgonjwa wake aondolewe mashine ya kupumulia amevunja amri ya “Usiue”. Wa pili wanajibu kwamba kama mashine inazimwa, basi na sindano ya kumaliza mateso iruhusiwe, kwani mwisho wa yote ni kaburi. Pande zote zinalihukumu tendo kwa matokeo yake peke yake.

Anayechoma sindano ya kuua anakusudia mtu afe. Mgonjwa akizinduka, kwake yeye kazi imeharibika. Anayeondoa mashine anaacha tiba isiyosaidia tena. Mgonjwa akiendelea kupumua mwenyewe, na hutokea, ndugu wanamshukuru Mungu na kuendelea kumtunza. Ndiyo maana kisa cha Mwamaleki katika 2 Samweli 1, aliyedai kummalizia Sauli kwa sababu Sauli mwenyewe alimwomba, hakiwahusu wanaoacha tiba. Kinawahusu wa sindano: Daudi hakuukubali utetezi huo.

Wala hii si fikra mpya iliyoletwa na hospitali za kisasa. Katika karne ya 16 mwanateolojia Francisco de Vitoria alifundisha kwamba mgonjwa halazimiki kula vyakula vya gharama kama kuku hata akiandikiwa na tabibu. Papa Pius XII aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba wajibu ni kutumia njia za kawaida, zisizo mzigo mzito kwa mgonjwa wala kwa wengine. Waprotestanti wengi wanafikia hapohapo kwa hoja nyingine.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kudhani kuna orodha ya mashine za lazima na zisizo za lazima. Haipo. Chukua kusafisha damu kwa mashine. Mama kijana ambaye figo zake zimesimama baada ya kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua anaweza kuihitaji kwa wiki chache tu, kisha figo zikarudi. Kumnyima ni kumtelekeza. Mzee ambaye saratani imemwenea mwili mzima, anayerudi kitandani kila mara hoi kuliko alivyotoka, anaweza kuikataa bila dhambi. Hata kuufufua moyo kwa kukandamiza kifua, kina cha sentimita 5 hivi na zaidi ya mara 100 kwa dakika, huokoa watu. Kwa mtu dhaifu aliye ukingoni mwa kifo kwa kawaida huishia kuvunja mbavu. Muulizeni daktari: tiba hii inatarajiwa kuleta nini, kwa muda gani, na mgonjwa atalipa nini mwilini?

Mofini, dawa kali ya maumivu, ndiyo inayoogopwa bure kuliko vyote. Pius XII, mwaka huohuo wa 1957, alikubali dawa ya maumivu hata kama ingeweza kufupisha maisha, mradi lengo liwe kutuliza maumivu na pasiwe na njia nyingine. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Huanza kwa kiasi kidogo na daktari huongeza hadi mgonjwa atulie. Mambo huharibika pale ndugu wanaporuka dozi kwa kuogopa uteja: maumivu hupanda, na kuyashusha tena huwa kazi ngumu. Choo kigumu ni cha kutarajiwa, hivyo dawa ya kulainisha choo itolewe tangu siku ya kwanza. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua. Asiyeamka akiitwa, au anayepumua polepole kuliko kawaida, asipewe dozi inayofuata. Aitwe mhudumu mara moja, hasa kama figo zake ni mbovu. Wanaohubiri kwamba Yesu aliikataa divai yenye manemane (Marko 15:23) wasome pia Mithali 31:6, inayosema kileo apewe aliye karibu na kupotea.

Kuhusu mrija wa chakula Wakristo hawajakubaliana. Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 2004 kwamba chakula na maji kwa asiye na fahamu ni matunzo ya kawaida, mradi yanafikia lengo lake. Waprotestanti wengi wanauhesabu mrija kuwa tiba. Lakini katika siku za mwisho kabisa ubishi huo hauna kazi. Mwili haukitumii tena chakula, na maji ya kulazimishwa huweza kujaa mapafuni. Lowesheni midomo kwa pamba yenye maji, tena na tena.

Kifo cha ubongo, yaani ubongo wote kuacha kazi bila kurudi, kinahitaji tahadhari ya pekee. Kifua kinapanda kwa sababu mashine inasukuma hewa, na mikono ina joto kwa sababu moyo bado unapiga. Madaktari huhakikisha kwanza kwamba chanzo kinajulikana, kwamba hakuna dawa za usingizi mwilini na kwamba mwili haujapoa kupita kiasi, ndipo wapime mboni, kikohozi na pumzi. Mkono ukiinuka ghafla, ni uti wa mgongo unaousukuma, si ubongo. Madaktari wenyewe wameiita ishara ya Lazaro, na kuna familia zilizoanza kuimba sifa kwa ajili yake. Baadhi ya Wakristo bado wanakipinga kipimo hiki. Lakini akishathibitishwa hivyo, kwa wengi wetu huyo ni marehemu.

Andikeni matakwa yenu mapema. “Sitaki mashine” haitoshi, maana mashine ya siku tatu baada ya ajali si ile ya miezi isiyo na tumaini. Andika hali zenyewe. Taja mtu mmoja atakayesema kwa niaba yako, weka tarehe na sahihi, mpe nakala yeye na daktari wako. Isifungiwe kabatini pamoja na wosia wa mali, ambao kwa kawaida hufunguliwa baada ya mazishi.

Wahudumu wa kiroho wa wagonjwa