Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Ripoti za helikopta tusomewe

Kaloleni, Kilifi
Aprili 2024

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima, na pole kwa msiba wa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wanajeshi waliokufa pamoja naye. Mazishi ya Jumapili kule Siaya niliyafuatilia kwenye runinga mwanzo hadi mwisho.

Mimi ni mama wa mwanajeshi. Mwanangu yuko msitu wa Boni, kule Lamu karibu na mpaka wa Somalia, wanakopambana na Al-Shabaab. Barua hii nimeiahirisha muda mrefu, kwa sababu tumezoeshwa kuwa mambo ya jeshi hayasemwi ovyo, na kwa sababu yeye mwenyewe hapendi mamake aitwe mlalamishi. Lakini Alhamisi ile iliposemwa kwamba helikopta ya Jenerali imeanguka Sindar, Elgeyo Marakwet, ikiwa na watu 12 na walionusurika ni wawili tu, uvumilivu ulinishinda.

Huko Boni, Mheshimiwa, helikopta si usafiri wa wakubwa. Barabara za msituni zinategwa vilipuzi, na mvua kama hizi zikinyesha hata lori lililosalimika hukwama topeni. Kwa hiyo vingi vinashuka kutoka angani: maji, unga, viazi, mafuta ya jenereta, risasi. Mwanangu aliniambia kuwa anayekwenda likizo hujibana kati ya madebe matupu, na akiwapo mgonjwa wa malaria hulazwa miguuni pa wenzake. Wakati wa kiangazi, helikopta ikikaribia kutua, vumbi huinuka hadi wao walio chini hawaioni tena, wanaisikia tu. Alinieleza hayo akicheka. Mimi sikucheka.

Usiku wa tarehe 18 Septemba 2023, helikopta ya Jeshi la Wanahewa aina ya Huey ilianguka huko huko Boni, Lamu, ikiwa kwenye doria. Taarifa ya jeshi ilisema ilikuwa imebeba marubani na wanajeshi wengine. Haikusema wangapi. Haikusema wa kambi gani. Sijui kama aliyeiandika alifikiria jinsi taarifa ya namna hiyo inavyopokelewa katika nyumba iliyo na mtoto Boni. Tulipiga simu kutwa nzima. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Mkamwana wangu alimfunga mtoto mgongoni akaenda ofisi moja kuuliza, akaambiwa arudi nyumbani, atapigiwa. Hakupigiwa. Alikataa kula, maziwa yakampungua, mtoto akalia usiku kucha, nami nikakaa mlangoni kwa sababu nilisikia kwamba wakija kuleta habari mbaya huja kwa gari. Kila gari lilipokata kona, nilisimama.

Mwishowe mwanangu alipiga mwenyewe, kwa simu ya kuazima. Yuko hai. Nilipiga magoti nikashukuru, kisha nikaona haya mbele ya Mungu, maana kupona kwangu ni kilio cha mama mwingine. Mama huyo simjui. Namfikiria mpaka leo.

Taarifa hiyo hiyo iliahidi kwamba bodi ya uchunguzi imeundwa. Imegundua nini? Tarehe 24 Juni 2021 helikopta iliyokuwa kwenye mafunzo ilianguka Kajiado, watu wakafa, uchunguzi ukatangazwa. Uligundua nini? Oktoba 2011, majeshi yetu yakianza kuingia Somalia, helikopta ilianguka karibu na Liboi na watu watano wakafa. Tuliambiwa ni hitilafu ya mitambo. Hitilafu gani, na ilirekebishwa vipi?

Mimi si fundi. Huenda ni uchakavu: Huey ni aina iliyoruka tangu Vita vya Vietnam, na hizi tulizopewa na Marekani ni za zamani zilizokarabatiwa. Huenda vipuri vinachelewa. Huenda marubani wachache wanarushwa mno, kwa kuwa kambi haziwezi kukaa bila maji. Huenda ninakosea kabisa. Nakisia kwa sababu mmetuachia kukisia, na jirani zangu nao wanakisia mabaya zaidi.

Nakumbusha jambo moja. Operesheni ya Linda Boni, ya kuwafurusha Al-Shabaab msituni humo, ilipoanza Septemba 2015 tuliambiwa ni ya siku 90. Mwanangu alikuwa shule ya upili, amevaa kaptura, akihangaikia hesabu. Operesheni ikabadilishwa jina ikawa Amani Boni, naye akakua, akaajiriwa, akaoa, akapelekwa humo humo. Sisemi arudishwe. Alikula kiapo, nami nilikuwepo nikimpigia makofi.

Najua jibu litakuwa ni usalama wa taifa. Mheshimiwa, siulizi kambi ziko wapi wala ndege huruka saa ngapi. Al-Shabaab hawatafaidika na kujua kwamba kipuri fulani kilikatika au kwamba rubani hakuona ardhi. Atakayefaidika ni kijana anayepanda kesho. Jenerali Ogolla alikuwa rubani, aliwahi kuliongoza Jeshi la Wanahewa, na bado alianguka. Kama ndege ya Mkuu wa Majeshi inaanguka mchana, ile ya viazi na maji inaangaliwa na nani?

Rais amesema wachunguzi wametumwa. Vizuri, na wafanye kazi yao. Lakini kabla ya ripoti yao kufungiwa kabatini pamoja na zilizotangulia, naomba zilizotangulia zitolewe. Ya Kajiado. Ya Boni. Hata ukurasa mmoja. Familia za waliokufa zisomewe kwanza, nyumbani kwao, kwa lugha wanayoielewa, kisha sisi wengine.

Na kama zote haziwezekani, basi ya Boni. Naomba hiyo ya Boni, Mheshimiwa, kwa sababu mwanangu bado anapanda.

Wako kwa heshima,
Mama wa mwanajeshi