Mkishapiga picha ya tuzo msiiache kesi

Kwa Mhariri,

Salamu kwako na wenzako hapo ofisini. Kila mtetezi wa haki za binadamu akipewa tuzo magazeti yetu yanatuletea picha moja, mtu ameshika kikombe kasimama na mabalozi, maneno mawili matatu chini yake, halafu basi, hasikiki tena mpaka siku akamatwe ama auliwe. Hilo ndo limenifanya niandike, manake kwangu mimi tuzo yenyewe ni sehemu ndogo sana ya habari.

Chukua mambo ya hapa hapa kwetu Mombasa. Phyllis Omido wengi wanamjua kwa ile tuzo ya watetezi wa mazingira iitwayo Goldman aliyopewa Marekani 2015. Lakini huyu mama aliajiriwa 2009 kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari pale Owino Uhuru, ukuta wa kiwanda umegusana na nyumba za watu, moshi wote wanavuta wao na maji machafu yanapita milangoni kwao, mara mtoto wake mchanga akaanza kuugua, homa haishi, hospitali hawaoni shida ni nini, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi, yale madini ya ndani ya betri, na alikuwa akiyapata kwa maziwa ya mamake mwenyewe. Akaacha kazi, akawapeleka na watoto wa majirani wakapimwe, nao wakakutwa nayo.

Mwaka 2012 akashikwa na polisi kwa sababu ya maandamano, akashtakiwa kwa uchochezi (korti ilimwachilia baadaye), na mwaka huo huo watu wenye silaha wakamvizia nje ya nyumba yake akiwa na mwanawe. Sasa nauliza, siku zile alipokuwa anahitaji kuonekana, kamera zetu zilikuwa wapi? Kiwanda kilifungwa 2014 na tuzo ikaja mwaka uliofuata, hatari kubwa ameshaivuka bila sisi.

Na tusidanganyane ati mtu akishapewa tuzo yuko salama. Wangari Maathai alipewa hiyo hiyo Goldman 1991, na 1992 polisi wakampiga virungu pale Uhuru Park, Nairobi, hadi akazirai, alipokuwa amekaa na kina mama waliodai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Wale mama hawakurudi nyumbani, walihamia kanisa la All Saints wakakaa muda mrefu sana na watu wakawa wanaendelea kuuliza habari zao, wengi wa wale vijana wakatoka.

Kuendelea kuuliza, hicho ndo ninachokiomba. Owino Uhuru korti ya mazingira hapa Mombasa iliamua 2020 wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, watu wakashangilia, 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa hiyo fidia, watu wakaanza kungoja upya, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyekuwa ananyonya wakati kiwanda kinafanya kazi sasa ni kijana, na risasi huharibu ubongo wa mtoto, hata akilipwa pesa hiyo akili hairudishiwi. Ni wangapi kati ya wasomaji wenu wanajua hizo tarehe? Picha ya tuzo wameiona.

Kwa hivyo ombi langu mhariri, kila mkiandika habari ya tuzo ya mtetezi, ya hapa ama ya nje, wekeni pia kesi yake imefika korti gani, nani anadaiwa, na majirani waliotoa ushahidi naye wako wapi manake hao hawaitwi kupanda ndege. Halafu mrudi baada ya miezi sita muulize tena. Na mwandishi wenu wa mahakamani akienda kwenye kesi ya mtu wa kijijini aliyeshtakiwa uchochezi kwa kulalamikia maji ama shamba, asingoje apate tuzo ndo aandike jina lake. Mnaweza kuanzia Owino Uhuru, ni karibu tu, mpite nyumba kwa nyumba muulize nani amelipwa na nani bado.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mombasa