Barua ya wazi: Mheshimiwa, stripu za kupimia sukari ziko wapi?

Mheshimiwa,

Salamu kutoka mwaloni, huku wavuvi wanakoshushia samaki, kisiwani Ukerewe. Jina na cheo chako sivitaji, mwenyewe unajijua. Ndiwe uliyetujia tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani. Tulikukaangia sato, ukala ukashiba, ukaahidi kwamba kabla ya mwaka kwisha zahanati yetu itapata vifaa vyote vya kupimia sukari. Mwaka upi, Mheshimiwa? Ule ulishakwisha, na huu nao unaelekea ukingoni.

Wiki iliyopita baba watoto wangu amekatwa mguu, chini kidogo ya goti.

Alichomwa na mwiba wa sangara akishusha samaki, hakusikia kitu. Alipovua kandambili jioni ndipo tukaona damu. Zahanati wakasafisha kidonda, wakafunga, wakampa vidonge, nenda rudi, nenda rudi. Mashine ya kupimia sukari wanayo, imelala kwenye droo, nimeiona kwa macho yangu. Stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, ndizo hazipo. Amekuja kupimwa mjini Mwanza kidole kimeshakuwa cheusi. Daktari wa huko, Mungu ambariki, akanieleza kuwa sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu neva za miguu na mishipa ya damu, ndiyo maana mtu anachomwa asisikie, na kidonda hakifungi. Macho na figo nazo haziko salama. Dar es Salaam madaktari wameandika hadi habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya.

Siku ile ulitwambia kisukari ni cha wenye vitambi, tupunguze soda na chipsi. Chipsi! Baba watoto ni mwembamba kama upondo, amekulia njaa na ugali wa udaga, ile mihogo iliyovundikwa. Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikutana Bangkok likaitambua aina ya 5 ya kisukari, inayohusishwa na lishe duni. Mimi nashuku ndiyo yake, na huo udaga siuamini. Lakini nani atanithibitishia, ikiwa hata kutobolewa kidole ni mpaka uvuke ziwa?

Wala si mambo ya Bangkok tu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Mwanza, ukaonyesha kisukari kinamwongezea mtu hatari ya kupata kifua kikuu cha mapafu. Damu iliyopimwa ilikuwa ya watu wa huku. Basi mnajua. Mnajua vizuri kabisa, na droo bado haina stripu.

Nyavu nimeuza. Injini ya mtumbwi nimeuza. Bei ya mguu wa bandia niliiuliza, nikashukuru, nikaondoka. Kijana wetu wa kwanza ameacha shule, usiku yuko ziwani na taa anavua dagaa za watu. Na siku hizi anarudi na kiu isiyokatika, kila saa msalani, na mwili unamwisha. Unaelewa kwa nini silali?

Sikuombi hospitali, Mheshimiwa. Wala hotuba usilete, ya mwaka jana bado tunayo. Naomba stripu. Tia kasha moja tu kwenye meli ya Nansio, mwanangu apimwe wiki hii.

Wako katika kuendelea kusubiri,

Mama muuza dagaa, Ukerewe